Rubani alikatisha kuruka Malindi kwa sababu ya kaskazi: uoga au akili?

Mahamri ya Asubuhi (mleta uzi)

Salaam wanaukumbi. Nina jambo linanikereketa tangu juzi, na nyinyi mnaojua mambo ya ndege nisaidieni.

Tulikuwa watu watano tunaelekea Amu (Lamu) kwenye harusi ya binti ya shangazi. Shangazi hakukubali nguo za bi harusi zipande basi, kwa hiyo tukakodi ndege ndogo ya injini moja hapa Malindi. Tulitakiwa kuondoka saa nne asubuhi. Tukachelewa, kosa letu wenyewe, na mpaka tunakaa ndani ya ndege ilikuwa saa tisa alasiri. Kaskazi imechachamaa. Minazi nje ya uzio inainama, inanyanyuka, inainama tena kama watu wanaoitikia dhikri.

Mimi nilikaa mbele kando ya rubani, nimevaa vile vya masikioni, nikasikia mnara ukimpa upepo: digrii 050, noti 18 (maili za baharini kwa saa), ukipanda hadi 28. Tukaenda kusimama mwanzo wa njia kubwa ya kurukia, tukitazama kaskazini. Akaiangalia ile soksi ya upepo muda mrefu mpaka shangazi akauliza kama anasoma dua. Kisha akaitia injini moto, tukaanza kukimbia. Kabla hatujafika mbali nikahisi upande wa kulia umekuwa mwepesi, kama mtu ametunyanyua kwa bega. Ndege ikasukumwa kushoto, magurudumu yakalia. Akaondoa moto. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, maana pua iliruka kulia, upande wa bahari, naye akapigana na pedali mpaka ikanyooka.

Tukarudi mwendo wa kobe. Akasema leo basi. Shangazi akakosa usiku wa hina wa mwanawe. Mjomba alimwambia kijana wa watu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Sasa swali: alituokoa, au alitishika bure?

Msinitake jina la ndege wala la mwenye ndege, sitatoa.


Tuktuk Nambari Moja

Mngepanda basi la Mokowe mngekuwa mmeshakula pilau.


Kasa wa Watamu

Mimi nasema uoga. Siku hiyohiyo nilikuwa Mambrui, vijana wa kaiti, wale wanaovutwa na tiara baharini, wako hewani wanacheka. Na kila mtu anajua ndege hurukia upepo. Upepo ukiwa mkali ndege hunyanyuka upesi zaidi. Huyo kijana masaa yake machache. Angekuwa mzee wa kazi mngefika.


Rubani wa Vumbi

Kasa, nusu ya maneno yako ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayoua watu.

Nimerusha ndege ndogo miaka kumi na moja, nyingi zikiwa Cessna Caravan kutoka Wilson, Nairobi, kwenda viwanja vya changarawe na huku pwani. Nitaeleza polepole, mleta uzi, kwa sababu ulichosimulia ni mfano mzuri kuliko niliopata darasani.

Ndege hurukia upepo, sawa, ukija usoni. Upepo wa ubavuni haukunyanyui, unakusukuma na kukugeuza. Chukua hesabu ya siku yenu. Njia kubwa ya Malindi ni 17/35, yaani ukielekea kaskazini unatazama digrii 350. Upepo ulitoka 050. Tofauti ni digrii 60. Kwenye pembe hiyo karibu upepo wote ni wa ubavu: kati ya noti 18, kama 16 zinakupiga kando na 9 tu ndizo zinakuja usoni (msizijumlishe, ni hesabu ya pembe). Ukipanda 28, za kando zinakuwa 24. Cessna 172, ndege ya wanafunzi dunia nzima, kitabu chake kinataja noti 15 za ubavu. Caravan ni 20. Hizo namba si sheria ya kukataza. Ni kiwango ambacho rubani wa majaribio alikionyesha ndege ilipokuwa inathibitishwa, rubani stadi, ndege mpya, kwenye njia pana. Ukizidisha hapo umekuwa wewe ndiye wa majaribio, na umebeba shangazi.

Lakini ukali peke yake si shida kubwa. Ningepewa noti 20 zilizotulia ningezichukua kuliko 12 zinazoruka hadi 25. Shida ni ule upepo wa kupiga na kuacha.

Bawa hubeba kwa mraba wa kasi ya hewa inayopita juu yake. Tuseme ndege yako inataka noti 60 ili ikubebe. Uko chini, magurudumu yanasema 50, ikaja dharuba ya noti 10 kutoka mbele kidogo: bawa linaona 60, linanyanyuka. Umefurahi. Sekunde mbili baadaye dharuba imepita, umerudi 50. Hujapoteza sehemu moja ya sita ya nguvu kama unavyodhani; umebaki na asilimia 69 tu. Ndege inashuka. Na katika zile sekunde mbili hakuna gurudumu lililokuwa limeishika ardhi, kwa hiyo upepo wa kando umeshakusogeza. Unatua ukienda mshazari kama kaa. Magurudumu ya ndege yametengenezwa kwenda mbele, hayakutengenezwa kuburutwa ubavu.

Ule "wepesi wa bega la kulia" uliousikia ndio huo. Bawa la upande wa upepo lilipata hewa kabla ya mwenzake.

Sasa kuhusu pua kuruka kulia alipoondoa moto. Injini nyingi za ndege hizi zikiwa na nguvu zote huvuta pua kushoto, kwa sababu ya mzunguko wa propela na upepo wake unaoupiga mkia. Upepo wenu ulitoka kulia, nao hugeuza pua kulia, kwa sababu mkia ni mkubwa na husukumwa kama kibati cha jogoo juu ya paa. Vitu viwili vikavutana, pua ikawa imenyooka bila jasho nyingi. Ukikata moto ghafla, mmoja wa wavutaji ameachia kamba. Pua inaruka upande wa upepo. Rubani asiyelijua hilo anatoka nje ya njia wakati ambapo anadhani ameshajiokoa. Kijana wenu alilijua, au miguu yake ililijua.


Tuktuk Nambari Moja

Nimesoma yote. Nimeanza kuheshimu tuktuk yangu, haina mkia.


Mtu wa Goshini

Assalam aleikum. Mimi ni mtu wa Shela, kazi yangu mashua, ndege napanda mara moja kwa miaka kadhaa na macho nafumba. Lakini maneno ya huyu rubani nayaelewa kama ameyasema baba yangu.

Sisi dharuba ikipiga tunalegeza demani, kamba ya tanga, tanga linamwaga upepo, na vijana wanakimbilia ubao wa upande wa goshini, unakotoka upepo, kukikandamiza chombo chini. Asiyekuwa na habari hufanya kinyume: huganda, kamba ameishika kwa mikono miwili. Chombo kinalala. Na mara nyingi hakilali kwenye dharuba ya kwanza. Kinalala ile ya pili, watu wanapokuwa wamerudi katikati kukaa sawa na kucheka.

Swali langu kwako, mwanangu rubani. Ninyi hamna demani ya kulegeza. Mnafanya nini?


Rubani wa Vumbi

Mzee wangu, shikamoo. Umeuliza lile lenyewe.

Sisi hatuwezi kumwaga upepo, tunaweza kulilaza bawa tu. Kabla ya kutia moto, usukani wa mkono unakatwa wote kuelekea upepo unakotoka. Kwa siku ile, kulia mpaka mwisho. Hapo eleroni ya bawa la kulia, kile kibao kinachocheza nyuma ya bawa, imesimama juu na kulikandamiza bawa chini, kama vijana wako kwenye ubao. Miguu inashughulika na pua, inainyoosha. Ndege ikianza kukimbia eleroni zinapata hewa zaidi na nguvu zaidi, kwa hiyo unapunguza kidogo kidogo. Unapunguza, huziachi. Kosa ninaloliona kwa wanafunzi, na kwa wakubwa waliochoka, ni kuanza vizuri kisha mkono ukarudi katikati wenyewe kwa sababu macho yameenda kwenye saa ya kasi. Hiyo ndiyo dharuba yako ya pili, mzee.

La pili ni kuikataza ndege isiondoke mapema. Siku tulivu unaiacha iende ikitaka. Siku ya dharuba unaishikilia chini noti kadhaa zaidi ya kawaida, halafu unaiondoa mara moja, safi, isirudi. Ikirukaruka kama panzi umeharibu. Ukishatoka chini unaigeuza pua kidogo iuelekee upepo, unakwenda mshazari hewani huku njia ikibaki chini yako. Hewani kwenda mshazari ni sawa. Chini ndiyo dhambi.

Na kuna ulaghai mmoja. Karibu na ardhi, kimo kisichozidi urefu wa mabawa yenyewe, ndege huelea kwa kasi ambayo futi hamsini juu haiwezi kuibeba. Kwa hiyo unaweza kuwa umeondoka na bado hujaruka. Wengi wamepaa futi kumi, wakavuta usukani kutaka kuukimbia upepo, wakapoteza kile kidogo walichokuwa nacho, na bawa moja likaacha kubeba kabla ya jingine.


Mahamri ya Asubuhi

Mungu akuzidishie. Lakini nina swali la mtoto wa Malindi: kiwanja chetu kina njia mbili. Ile ndogo inaelekea mashariki, upepo ulikuwa unatoka huko huko. Kwa nini asiitumie?


Rubani wa Vumbi

Swali zuri kuliko yote, na nilikuwa nakungoja uliulize. Ile ni 08/26. Kwa upepo wa 050, tofauti na njia 08 ni digrii 30, ubavu unakuwa nusu: noti 9, na kwenye dharuba 14. Usoni unapata karibu 16. Kwenye karatasi ndiyo yenyewe.

Ila ni fupi kuliko ile kubwa, ambayo nayo si ndefu, kama kilomita 1.4. Mlikuwa watano na yeye wa sita, mafuta, na mizigo ya harusi (nimewahi kubeba mizigo ya harusi ya Waswahili, najua uzito wake). Lazima ahesabu si kuruka tu. Ahesabu pia: nikifika katikati nikasema hapana, nitasimama kabla njia haijaisha? Siwezi kusema alihesabu nini, sikuwepo. Ningekuwa mimi ningechagua kati ya mawili: nishushe watu wawili na masanduku nitumie 08, au ningoje upepo ulale. Mungemkubalia kushusha nguo za bi harusi?


Mahamri ya Asubuhi

Shangazi angeshusha mjomba kwanza.


Kasa wa Watamu

Sawa, nimesikia. Lakini basi mbona kusi ndiyo inaogopwa? Kaskazi ni upepo wa wageni na mandhari nzuri.


Rubani wa Vumbi

Baharini labda. Kwenye njia ya 17/35 kusi hutoka karibu moja kwa moja mbele yako ukielekea 17. Inaweza kuvuma noti 25 na ndege ikanyanyuka vizuri kama umesema. Kaskazi hukatiza. Jina la upepo si kitu, pembe ndiyo kitu. Na saa: asubuhi ardhi bado baridi, upepo mdogo. Jua likipanda, upepo wa baharini unajiunga na kaskazi, zinakuwa mbili kwa moja. Saa tisa alasiri mwezi wa Januari ndiyo saa mbaya mno mliyoweza kuichagua. Ndiyo maana mlipangiwa saa nne.

Na wale vijana wa kaiti, Kasa, upepo wao unatoka baharini, haujaguswa na kitu. Kiwanjani umeshapita juu ya paa, miti na minazi, umevunjikavunjika.


Fundi wa Hanga

Naingia kwa upande wa spana. Mimi sirushi, mimi ndiye ninayeletewa.

Ndege iliyoharibiwa na upepo wa ubavu wakati wa kuruka naijua kabla sijaambiwa. Ukucha wa bawa moja umekwaruzwa. Mguu mmoja umepinda kuelekea ndani au nje. Propela ncha zimekunjwa. Nilipokea moja ya chuo fulani, mwanafunzi alikuwa peke yake, bara huko, sitaji wapi. Dharuba ilimnyanyua kabla ya kasi, ikamwacha, akatua gurudumu moja mshazari, ndege ikapiga mzunguko chini ikaishia majanini. Kijana alitoka anatembea. Alikaa kwenye ndoo yangu ya kuoshea vipuri akaniuliza kama inaweza kupona leo.

Watu hudhani ni kununua propela mpya, basi. Propela ikigonga ardhi injini ikizunguka, kile kishindo kinarudi ndani mpaka kwenye kombo la injini. Watengenezaji, Lycoming na Continental wote, wanataka injini ifunguliwe yote ikaguliwe, hata kama inanguruma vizuri. Halafu gurudumu la pua. Kwenye Cessna limeshikwa kwenye ukuta wa bati unaotenga injini na chumba cha watu. Pua ikipigwa chini ukuta ule unakunjamana, na rubani hauoni kwa sababu uko nyuma ya injini. Nimeona ndege iliyokuwa imerushwa wiki kadhaa ikiwa na mkunjo huo. Kwa hiyo ewe unayerukaruka kama panzi na kusema "nimesalimika", mwambie fundi. Hatukuli.


Kasa wa Watamu

Haya, hizi zenu ni ndege za karatasi. Ndege kubwa ya jeti upepo wa ubavu unaiambia nini?


Rubani wa Vumbi

Denver, Marekani, tarehe 20 Desemba 2008. Boeing 737-500 ya Continental, safari namba 1404, watu 115. Ilikuwa inakimbia kuruka kuelekea kaskazini, upepo wa magharibi kutoka kushoto. Mnara uliwapa noti 27. Dharuba iliyowapiga ilifika 45. Ndege ikatoka nje ya njia upande wa kushoto, upande wa upepo, ikapita majanini na mifereji, ikashika moto. Hakufa mtu, lakini wengi waliumia.

Wachunguzi wa Marekani waliandika kwamba rubani aliacha kukanyaga usukani wa mkia sekunde kama nne kabla ya ndege kutoka njiani, wakati ambapo bado ulihitajika. Hakuwa mtu mzembe. Upepo ule ulizidi mafunzo na uzoefu wake, na mashine za kujifunzia hazikuwa zinaiga dharuba za aina hiyo karibu na ardhi. Unaona? Jitu la tani hamsini na zaidi, na kosa ni lilelile la mwanafunzi wa fundi wetu: kuliachia katikati.


Tuktuk Nambari Moja

Ile ya kwetu hapa ya juzijuzi je, iliyoanguka barabarani? Nayo ni upepo?


Fundi wa Hanga

Hiyo tusiiguse. Kuna watu waliofiwa, na wachunguzi wana kazi yao. Ripoti za ajali za ndege kwa utaratibu wa kimataifa hazitafuti wa kulaumiwa, zinatafuta chanzo. Sisi hapa tukianza tutafanya kinyume.


Bawa Changa

Naomba kuuliza wakubwa. Niko chuoni, masaa 38, nasoma Wilson. Mwalimu amesema tukija pwani kwa safari ndefu kikomo changu ni noti 8 za ubavu, na tofauti ya dharuba isizidi 10. Wenzangu wananicheka, kitabu kinasema 15. Na huku Wilson najifunza vizuri tu.


Rubani wa Vumbi

Waache wacheke. Kumi na tano ni ya ndege, nane ni yako. Mwombe mwalimu akutoe nje siku ya upepo akiwa kando yako, mkae juu ya njia futi chache bila kugusa, ndege imelazwa upande wa upepo, mwende mpaka mwisho wa njia. Mara ishirini. Mguu wako utajua kabla ya kichwa.

Tena fanya hesabu ya vidole kabla ya kuita mnara. Upepo ukiwa digrii 15 kutoka kwenye njia chukua robo, 30 nusu, 45 robo tatu, 60 na kuendelea chukua wote. Na hesabu kwa ile namba ya dharuba, usihesabu kwa ya kawaida. Wilson ni juu, zaidi ya futi 5,500, hewa nyepesi, kwa kasi ileile kwenye saa ya kasi magurudumu yako yanakwenda mbio zaidi. Ukija huku utaona ndege imekuwa na nguvu. Isikudanganye.

Jambo jingine. Amua kabla ya kutia moto ni wapi utasema hapana. Chagua kitu, mti, taa, kibao. Ukifika hapo ndege bado inayumba, toa moto, polepole kama una nafasi, na mguu ukiwa tayari kwa lile ruko la pua. Ukiamua ukiwa unakimbia utachelewa, kwa sababu nyuma yako kuna mtu anayetaka kuwahi hina.


Mtu wa Goshini

Mreno Vasco da Gama alipofika hapo Malindi mwaka 1498 alipewa mtu wa kumvusha Bara Hindi. Waliondoka mwezi wa Aprili, upepo ulipogeuka. Sasa mjomba wake huyu mleta uzi hawezi kungoja mpaka asubuhi.


Mahamri ya Asubuhi

Mzee, hiyo nimemsomea mjomba kwa sauti. Amenuna.

Kwa waliouliza: tuliondoka kesho yake saa moja kasoro asubuhi, kijana yuleyule, njia ileile. Mnara ulimpa digrii 030, noti 7. Nilimtazama mkono: aliukata usukani kulia mpaka mwisho hata kwa upepo ule mdogo, akaurudisha kidogo kidogo. Safari hii nilijua ninachokitazama. Shangazi alikuwa amelala kabla hatujapita Sabaki.

Manda tulishuka, tukavuka kwa boti, nguo zikafika hazijaloa. Hina bi harusi alishapakwa, lakini walimwachia shangazi kiganja kimoja cha kushoto amalizie yeye.

Mjomba bado anadai arudishiwe pesa za siku ya kwanza. Hapo mimi simo.